Kila jioni ninaandika "Mzee anaendelea vizuri"

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka 31, kitinda mimba katika familia ya watoto watatu. Kaka yetu mkubwa ana duka la vitenge Kariakoo, ana mke na watoto wanne. Dada anayemfuata yuko Muscat mwaka wa sita sasa, anafanya kazi za nyumbani. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa na fremu Morogoro mjini, tukichangia kodi na mwenzangu. Nilikuwa na cherehani mbili za kawaida na moja ya kudarizi, na wateja wa sare za harusi walikuwa hawaniachi.

Baba alipata kiharusi alfajiri, akaanguka mlangoni akienda kuchukua udhu. Mama yetu alishatangulia mbele ya haki. Kaka akanipigia simu, akasema, "Wewe huna mume wala mtoto, nenda Tanga ukamwangalie mzee wiki mbili tatu wakati tunajipanga." Nikafunga begi moja tu. Leo ni miezi 19.

Upande wa kulia umepooza na kauli imekatika. Maneno aliyobaki nayo ni mawili, "laa" na jina la marehemu mama, na hayo anayatumia kwa kila kitu. Nikimletea chai, laa. Nikimfunika shuka, laa. Nikimuuliza kama nimemkosea, laa, laa, huku amekunja uso. Yaani kila ninachomfanyia ananikatalia.

Naamka saa kumi alfajiri. Nambadilisha pampasi, namwosha, namgeuza, nachemsha uji, nafua, nampa dawa za presha, nampikia. Nikikaa chini adhana ya adhuhuri imeshaadhiniwa, na ni muda wa kumgeuza tena. Wakati wa kumwosha anageuza uso ukutani na kufumba macho, kama mtu asiyetaka hata kuniona. Mama, mimi ni mtoto wa kike. Nyumbani kwetu baba hakuwahi kukaa mbele yetu bila kanzu au shati, leo mimi ndiye ninayemvua. Siku ya kwanza nilijifunga kanga machoni nikamwosha kwa kupapasa, nikalowesha godoro lote. Sasa nimezoea, na huko kuzoea ndiko kunakonitisha.

Kaka anatuma shilingi 150,000 kila mwisho wa mwezi, dada anatuma riyali 30. Sitawasingizia, wanatuma. Lakini ukitoa pampasi, dawa, chakula, umeme na bajaji ya kwenda kliniki, hakibaki kitu. Mwezi wa nne niliomba tumwajiri mtu wa kunisaidia. Kaka akajibu kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, wote wakisikia: "Baba hawezi kuoshwa na mtu baki wakati binti yake yupo tu nyumbani." Dada akaweka alama ya mikono ya dua. Shangazi akaandika kwamba pepo ya mtoto iko kwa wazazi wake. Lile neno "yupo tu" bado limenikwama kooni.

Kila jioni kaka anauliza kwenye kundi, "Mzee anaendeleaje?" Nami najibu, "Mzee anaendelea vizuri, alhamdulillah." Nikipata nafasi namvisha kanzu na kofia nampiga picha nawatumia. Wanaandika "mashallah", basi, mpaka kesho.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Wiki tatu zilizopita nilikuwa namlisha uji. Akautema wote kifuani mwangu, mara ya tatu asubuhi ile. Nikampiga. Nilimpiga kwenye mkono wake wa kushoto, ule mmoja uliobaki mzima, nikamwambia, "Kwani unataka nini, nife?" Baba yangu, aliyekuwa karani bandarini, mtu ambaye kanzu yake haikuwahi kukosa pasi, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Nikatoka nikakaa nyuma ya nyumba kwenye karo mpaka mchana. Hakuna mtu ninayeweza kumwambia jambo hili.

Silali. Saa tisa usiku nashtuka moyo unanienda mbio, nasikiliza kama anapumua. Kichwa kinauma upande mmoja kila siku. Najikuta nikihesabu, baba akiondoka nitakuwa na miaka mingapi, halafu namwomba Mungu msamaha. Sijafikiria kujidhuru, mama, ila kuna usiku naona afadhali nilale nisiamke.

Mwenzangu wa Morogoro amenipigia. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Nisiporudi atatafuta mtu mwingine, na simlaumu, amenivumilia sana. Nilipomwambia kaka kwamba nafikiria kurudi kazini, alisema nikiondoka nitakosa radhi ya baba na nisije nikamlaumu mtu mambo yangu yakienda kombo. Cherehani yangu ya kwanza alininunulia baba huyu huyu, kwa pesa za kiinua mgongo chake. Nikiwaza hivyo nakosa la kufanya.

Nibaki au nirudi? Na je, mimi ni mtoto mbaya?

Kitinda mimba, Tanga.

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijawa mshauri nilikuwa muuguzi wa wodi kwa miaka mingi, kwa hiyo utanisikia nikichanganya habari za moyo na habari za uji na mashuka. Kwako wewe vitu hivyo vimeshikana, siwezi kuvitenganisha.

Niruhusu nianze na sentensi uliyoiweka karibu na mwisho, hiyo ya kutamani ulale usiamke. Umeiandika upesi na kuipita. Mimi siwezi kuipita. Kukosa usingizi, moyo kwenda mbio usiku, kichwa cha kila siku, na hamu ya kuishi kupungua ni dalili ambazo zikikaa wiki mbili na kuendelea daktari huzichunguza kama sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona ina tiba. Nakuomba wiki hii uende Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Tanga, au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uende kwa ajili yako wewe. Wakupime na presha, maana wauguzaji wengi huwabebea wagonjwa vidonge vya presha huku yao wenyewe haijapimwa mwaka mzima. Ukifika kwa daktari usiseme "nasikia uchovu". Mwambie maneno yale yale uliyoniandikia. Hospitali za rufaa za mikoa huwa na kliniki ya afya ya akili, na wanaokaa kwenye foleni ile ni watu kama wewe: walimu, mama wa watoto wachanga, watu wanaouguza. Na ikitokea usiku mmoja lile wazo likageuka, likawa linakuonyesha namna ya kujidhuru, usingoje kupambazuke. Gonga mlango wa jirani, mwambie, na mwende hospitali usiku huo huo.

Mtu wa kumwachia mzee kwa saa tatu za kliniki yupo? Najua utajiuliza hilo kwanza. Jirani, mke wa imamu, kijana wa madrasa aliyesomeshwa na mzee, mtu yeyote. Saa tatu. Anza na hizo.

Sasa nikurudie barua yako, uone kama nimekuelewa. Unaniuliza ubaki au urudi. Lakini chini ya swali hilo nasikia mengine mawili. Moja ni kama baba yako amekukataa. La pili ni kama ndugu zako wanakuona. Nadhani hayo yanakuumiza kuliko hata fremu, na yote mawili umeshayapa majibu moyoni mwako. Naomba tuyafungue tena.

Tuanze na "laa". Kiharusi kinachopooza upande wa kulia hutokana na kuumia kwa upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi huko ndiko yanakotengenezwa maneno. Wengine hubakiwa na neno moja au mawili yanayotoka yenyewe, atake asitake. Nimemuuguza mzee aliyekuwa akisema "kesho" kwa kila jambo, akiomba maji, akisalimia, akishukuru. Mkewe alihangaika sana na hiyo kesho mpaka tulipomweleza. Kwa hiyo lile "laa" la baba yako huenda ni laa kweli, huenda ni ndiyo, huenda ni ahsante mwanangu. Hata kule kukunja uso kunaweza kuwa ni hasira ya mtu anayetaka kusema moja na kujisikia akisema jingine. Na hilo jina la mama yako, lililobaki katika maneno yote aliyowahi kuwa nayo, mimi limenigusa sana.

Lipo jambo unaloweza kujaribu. Mpe mkono wa kushoto, mwambie, "Baba, kama ni ndiyo nibane." Muulize kwanza vitu ambavyo jibu lake unalijua: Sisi tuko Tanga? Mimi ni mkubwa kuliko kaka? Ukiona anabana panapotakiwa na kuacha panapotakiwa, basi unaye mtu wa kuzungumza naye ndani ya nyumba hiyo. Uliza jambo moja moja, kwa sentensi fupi, redio ikiwa imezimwa. Akishindwa leo usikate tamaa, jaribu asubuhi akiwa hajachoka.

Kisha kuna ule ukuta. Wewe umesema anageuza uso kama mtu asiyetaka kukuona. Umesema pia kwamba siku ya kwanza ulijifunga kanga machoni. Mwanangu, je, haiwezekani kwamba baba yako naye anafanya kama ulivyofanya wewe? Yeye hana mkono wa kujifunga kanga, ana ukuta tu. Sina hakika, hayupo wa kutuambia ila yeye mwenyewe. Lakini mzee wa pwani, mtu wa kanzu na pasi, akivuliwa na binti yake kila alfajiri, sioni ajabu akitafuta pa kuweka macho. Nyumba nyingi huwa wanamfunika kanga kubwa au shuka jepesi, wanaosha chini ya shuka sehemu moja moja, wakimwambia kila hatua kabla hawajamgusa. Wengine humpa kitambaa mkono wake mzima ajioshe mwenyewe sehemu za siri, hata kama hatakati sawasawa. Jaribu hilo. Mtu akipewa kazi hata ndogo ya mwili wake mwenyewe, mara nyingi hulegea.

Na uji. Hapa nazungumza kama muuguzi. Kiharusi huharibu na kumeza pia. Kitu chepesi kama maji au uji wa kuteleza hukimbilia njia ya hewa, mgonjwa hukohoa, hupaliwa, na njia yake ya kujiokoa ni kukitema. Je, huwa anakohoa anapokunywa? Sauti yake huwa kama ina maji ndani baada ya kula? Chakula hubaki shavu la kulia? Kama ni hivyo, mwambie daktari mapema, maana chakula kinachoingia kwenye mapafu huleta homa ya mapafu. Mkalishe wima kabisa wakati wa kula na baada yake nusu saa nzima, uji uwe mzito, kijiko kiwe kidogo, umwekee upande wa kushoto wa mdomo na umngoje ameze kabla ya kingine. Hata kulia kwake kwa sauti, wagonjwa wengi wa kiharusi hulia au hucheka kupita kiasi kwa sababu sehemu ya ubongo inayozuia imeumia. Machozi yake yalikuwa na maana, sikatai. Ila huenda huzuni yake haikuwa kubwa kama kilio ulichokisikia.

Sisemi haya ili kuufuta mkono uliompiga. Ulimpiga mtu asiyeweza kukimbia, na wewe unajua hivyo, ndiyo maana ulikaa kwenye karo mpaka mchana. Sitakupunguzia wala sitakuongezea. Ninachojua ni kwamba wauguzaji wema kabisa hufika hapo wakiachwa peke yao muda mrefu bila usingizi, na kwamba ikitokea mara moja inaweza kutokea tena mzigo ukibaki ulivyo. Ukisikia tena mikono inakupanda joto, weka bakuli chini, hakikisha amekaa vizuri hataanguka, toka nje dakika kumi. Hatakufa njaa kwa dakika kumi. Na kama hujamwomba radhi kwa mdomo, mwombe, anasikia. Ukiuliza kama wewe ni mtoto mbaya, mimi siwezi kumpima mtu kwa asubuhi moja kati ya miezi 19.

Umeshika swali langu la pili? Lilikuwa la ndugu zako, kama wanakuona. Wewe unaona wamekutupa. Inawezekana. Maneno ya kaka yako mbele ya ukoo yalikuwa mazito, na hilo "yupo tu" ningelikasirikia hata mimi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini mwanangu, hebu fungua simu yako uende juu kwenye kundi hilo, usome ulichowaandikia jioni zote hizo. Mzee anaendelea vizuri. Mzee anaendelea vizuri. Picha ya mzee amevaa kofia. Mtu aliyeko Kariakoo akisoma hayo, kwa nini asiamini kwamba shilingi 150,000 zinatosha na kwamba dada yake yupo tu? Naelewa kwa nini uliandika hivyo. Ni adabu, ni kumstiri mzee, na ni kumshukuru Mungu. Pengine kulikuwa na hofu pia, kwamba ukisema ukweli utaonekana unalalamika. Hata hivyo wamekuwa wakipokea habari za nyumba ambayo haipo.

Vipi kama kwa siku saba ungeandika kwenye daftari kila unachofanya na saa yake? Bila lawama, bila hata neno moja la uchungu. Saa kumi alfajiri nimembadilisha. Saa kumi na mbili nimemgeuza. Usiku vilevile, maana anayelala kitandani muda wote hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, nawe naona umemlinda na vidonda miezi 19, jambo ambalo hata wodi zenye wauguzi huwashinda. Andika na pesa, pampasi ngapi kwa wiki. Daftari hilo mtumie dada yako kwanza, yeye peke yake, nje ya kundi. Ile mikono ya dua umeiona kama kukukwepa, lakini yeye naye anaishi kwenye nyumba ya watu, anaosha, anapika na kuamshwa usiku kwa ajili ya familia isiyo yake. Katika ndugu zako wote huenda ndiye atakayelisoma daftari hilo na kuelewa kila mstari. Inawezekana pia akakuambia hana la kufanya. Utakuwa umejua.

Kaka yako namwona tofauti kidogo. Nimeona wodini wanaume wengi wakisimama mlangoni kwa baba aliyepooza, hawaingii, wanaishia kuuliza bili ni shilingi ngapi. Si wote hawana huruma. Wengine wanaogopa kumwona mtu aliyekuwa nguzo yao akiwa vile. Hujaniambia ni lini mara ya mwisho kaka alilala Tanga. Mwombe aje siku nne, na siku hizo nne wewe usiwepo, nenda Morogoro ukaone fremu yako na kulala usingizi kamili. Mwachie daftari. Tena yeye ni mtoto wa kiume, kama hoja ni kwamba baba asioshwe na mtu baki, hakuna aliye karibu zaidi yake na asiye na haya ya binti. Huenda akakataa. Huenda akamtuma mkewe badala yake, na hapo ukae macho, mwanangu, usije ukautua mzigo ukamtwika wifi yako ambaye hakuulizwa kama wewe ulivyokuwa hujaulizwa.

Kuhusu kubaki au kurudi, sitakuchagulia. Nitakuambia ninachokiona katika kila njia.

Ukirudi Morogoro na kumwacha mzee na mtu wa kuajiriwa, utapata kazi yako na jina lako, na pengine upendo wako kwake utarudi, kwa sababu utakuja kama mtoto anayemtembelea baba. Lakini mtu wa kuajiriwa asiye na ndugu wa kumtazama anaweza kumpuuza mgonjwa asiyeweza kusema, na lazima awepo mtu wa Tanga anayeingia nyumbani bila kupiga hodi. Pia mshahara wa mtu huyo uwe umekubaliwa na nyote watatu kabla hujapanda basi, vinginevyo mwezi wa tatu utarudi mwenyewe, huna fremu na huna nguvu.

Ukibaki na kuleta cherehani mojawapo barazani Tanga, utashona, utaona watu, utakuwa na chako. Hofu yangu ni kwamba kaka ataona tatizo limekwisha, na mambo yatabaki yalivyo miaka mitano. Njia hiyo ingehitaji kijana wa kiume wa kuja asubuhi kumwosha na kumgeuza mzee, hata saa mbili kwa siku, na iwe na tarehe ya kukaa tena kuipitia. Mtu akishika zamu bila kuambiwa mwisho wake, akili yake haipumziki hata akilala.

Kumchukua mzee aende kwako Morogoro wengine wamefanya na wakafaulu. Kwa baba yako naona ugumu: mtu aliyepoteza maneno, ukimwondolea na mlango wake, msikiti wake na sauti za barazani kwake, unamwondolea lugha iliyobaki. Kumpeleka kwa kaka kwa zamu ya miezi mitatu kuna ugumu huo huo, japo kungekupa nafasi ya kulipia fremu na kujaribu.

Na ipo njia ya kati ambayo haijatajwa na mtu kwenye kundi lenu: kumwomba mwenzako asubiri na wewe ulipe sehemu yako ya kodi hata kama hutarudi mara moja. Labda pesa ya dada ya mwezi mmoja ingefanya hivyo. Ungejua kwamba mlango bado ni wako wakati mambo mengine yanazungumzwa.

Usisahau mambo madogo ya kuomba msaada nje ya familia. Mzee aliyefika miaka 60 ana dirisha lake hospitali, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo, basi muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ukaulize kitambulisho cha mzee. Ukiwa Bombo waulize pia watu wa mazoezi ya viungo. Nafuu ya haraka ya kiharusi huwa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, lakini hata baada ya mwaka mtu hufundishwa kukaa, kujigeuza kwa kushika ukingo wa kitanda, kubeba kikombe kwa mkono mzima. Kila anachoweza yeye ni dakika tano zako.

Limebaki neno radhi. Kaka yako amelitumia kana kwamba liko mfukoni kwake. Kama una shaka ya kidini, muulize sheikh unayemwamini, umweleze yote, pamoja na habari ya wewe mtoto wa kike kumwosha baba. Usimwulize kwenye kundi. Ila kwa jinsi ninavyojua mimi, radhi ya baba huitoa baba, na katika mazungumzo yote ya ukoo, tangu mwezi ule wa nne, sijaona mahali ambapo mzee mwenyewe aliulizwa anataka kuoshwa na nani, alale wapi, na binti yake aishi vipi. Yeye ndiye aliyetoa kiinua mgongo chake akanunua cherehani.

Basi subiri asubuhi moja akiwa amekula vizuri, umkalishe wima, uketi upande wake wa kushoto. Mshike mkono ule ule. Mweleze fremu iko wapi, kodi ni kiasi gani, inatakiwa lini, na kwamba bado hujaamua. Muulize jambo moja tu kwa siku hiyo. Akisema "laa" usimsikilize mdomo, subiri vidole. Mpe muda mrefu kuliko unavyodhani unatosha, maana watu wa kiharusi hujibu kwa kuchelewa. Kisha niandikie.